Jicho la Wendelin

Wendelin wa Katindiuka alikuwa mtu wa kukera. Ukimpa maji ya kunywa, kwanza atayainua juani. Ukimpa mchuzi, atauchungulia. Mkewe, Apolonia, hakuchoka kumwambia, "Baba Rosa, kunywa. Hayo ni maji, si mchumba."

Lakini jicho hilo ndilo lililotupa chumvi. Siku hizo tulichoma majani ya mtoni, tukatia majivu kapuni, tukayamwagia maji, na mchujo uliodondoka tukauchemsha mpaka chumvi ibaki. Mchujo wa manjano, kama mkojo wa asubuhi, una chumvi. Ukitoka mweupe, majivu yameishiwa nguvu, na ukiuchemsha unapoteza kuni bure. Ugomvi ulikuwa pale katikati, manjano yanapofifia, na hapo ndipo wanawake walipomwita Wendelin. Alikinga mchujo katika kibuyu kilichosuguliwa kikawa cheupe ndani, akaelekea jua, akafinya jicho moja, akajivuna kidogo, ndipo aseme "Bado" au "Umeisha." Hakuna aliyembishia isipokuwa jirani yake, Mzee Fridolin, ambaye alikosea kila mara.

Ikaja dawa ya vita. Mganga kutoka ng'ambo ya mto alisema atakayeinywa, risasi za Wajerumani zitamgeukia maji. Wanaume wote wainywe, kisha twende kulipiga boma la Mahenge. Hata sisi tuliobatizwa tulipanga mstari, maana kodi na viboko vilikuwa vimetuchosha. Apolonia hakuiamini dawa ile hata kidogo. Aliogopa kufiwa na mume, na kwa kuwa hakujua kubembeleza, alitania.

"Nenda basi," alimwambia asubuhi ile. "Ila nakujua. Ukikutana na Mjerumani utamwinua juani kwanza."

Wendelin alicheka. Mkewe akageuka akaanza kuchochea moto ambao ulikuwa umeshazimika.

Mstarini nilikuwa nyuma ya Wendelin. Mganga alipompa kibuyu, akakiinua juani, kama kawaida yake, na watu wote wakatega masikio. Niliiona dawa ile kwa macho yangu. Ilikuwa ya manjano kabisa, rangi ambayo Wendelin hajawahi kuikataa tangu azaliwe. Akaitazama kwa muda. Kisha akatazama upande wa wanawake, alikosimama Apolonia na Rosa mgongoni.

"Imeisha," akasema.

Wasaidizi wa mganga wakashika rungu. Apolonia akaja mbio akajiweka katikati.

"Mwacheni jamani. Macho yameshakufa kwa moshi. Mwaka mzima huu mimi ndiye ninayemnong'oneza rangi, yeye anajivuna tu. Mnataka kwenda vitani na kipofu?"

Watu wakaangua kicheko. Mganga naye akacheka, akamsukuma Wendelin nje ya mstari. Mtu yule mwenye majivuno aliondoka akipapasa njia kwa fimbo, na kwa kweli alipapasa vizuri.

Mimi nilikunywa, nikaenda. Bunduki za boma hazikuijua dawa yetu. Tuliorudi tulikuwa wachache, na mguu wangu mmoja haukunjiki hadi leo.

Baada ya vita ikaja njaa. Wajane walichoma majani wakachuja majivu, na safari hii aliyeitwa ni Mzee Fridolin. Akainua kibuyu, akafinya jicho, akasema, "Umeisha, mwageni."

Ulikuwa wa manjano. Wendelin alikuwa ameketi karibu akisuka kapu, na nilimwona anafungua kinywa. Angesema anaona, wajane wale wangemwuliza siku ile ya dawa aliona nini. Akakifunga.

Wanawake wakaumwaga. Wendelin akautazama ukizama mchangani, na Apolonia akaja akaketi kando yake, akamshika mkono mbele ya watu wote.