Mahindi Makavu Yasiguswe

Sharti lenyewe hata mlevi angelishika. Serikali ingetoa mbegu na mbolea kwa kila aliyekaukiwa na mahindi, ila mahindi makavu yasiguswe mpaka kamati ya wakulima ije iyaone kwa macho. Atakayeyang'oa kabla ya hapo atahesabiwa kuwa amevuna. Basi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Watu walimwita Rula kwa jinsi alivyojifanya kunyooka. Majirani wakanitania kisimani: "Wewe una wasiwasi gani, bibie? Mcheza kwao hutunzwa." Nikacheka nao, mjinga mimi.

Mvua ikanyesha. Kamati ikapita mashamba ya juu, ikapita ya bondeni, na kila ilikopita watu walisafisha, wakapewa mbegu, wakapanda. Letu likabaki na mabua yake ya kijivu, yananyeshewa kama maiti iliyokosa wa kuizika. Mume wangu akamwendea mdogo wake. Akarudi amenywea.

"Anasema sisi tutakuwa wa mwisho. Akianza na ndugu zake, watu watasema anajipakulia."

"Kwa hiyo tufe njaa ili yeye asifiwe?"

"Punguza sauti, mama watoto. Ni mdogo wangu yule."

Nipunguze sauti! Ndani hatukuwa na punje ya kupanda, ya akiba tulishaila wakati wa kiangazi. Bila mbegu ya serikali, msimu ungetupita tunautolea macho, na mwakani tungekula nini?

Lakini aliyechoka kabla yetu ni mama mkwe. Yeye mvua ikinyesha mikono inamwasha. Sharti tulimweleza, akasikiliza vizuri, kisha akaliona ni la watu baki. Asubuhi moja mume wangu akiwa kibaruani, nami nimempeleka mtoto kliniki, akaingia shambani peke yake. Niliporudi nilianza kuona moshi. Nusu ya shamba ilikuwa nyeupe, mabua anayachoma, nguo kazifunga kiunoni, uso unang'aa kwa furaha.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimewapunguzia kazi. Mbegu ikija ikute mashimo tayari."

"Si walisema yasiguswe!"

"Walisema kina nani? Mkubwa wao si mwanangu? Nimemnyonyesha mimi, leo anikatae kwa ajili ya mabua?"

Nilitamani kupiga kelele. Nikamwangalia alivyotapakaa majivu, nikashindwa, nikaenda kumletea maji ya kunywa.

Kesho yake kamati ikaja, kama iliyotumwa na shetani. Rula alikuwa mbele, wajumbe wawili nyuma yake wananong'ona, na bwana shamba wa serikali mwishoni. Nikawaeleza yote bila kuficha, mume wangu pembeni anakwangua matope kwenye jembe.

Bwana shamba akasikitika. "Mwenyekiti, nusu si hii hapa imesimama? Mahindi yalikauka, kila mtu anaona. Funika kombe mwanaharamu apite."

Rula akawatupia jicho wale wajumbe wawili. Wallahi, lingekuwa shamba la mtu baki angelifunika. Kule bondeni alimfunikia mtu aliyelisha ng'ombe wake mabua, sote tunajua.

"Hapa pameguswa," akasema. "Hapa hapana mbegu."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika magoti. "Huyu tangu mdogo ana utani!" akaniambia. "Haya baba, utani umetosha. Mbegu mmeiacha wapi?"

"Tutaongea, mama," akajibu, macho yako chini. Akageuka, wajumbe wakamfuata. Mmoja wao alikuwa anatikisa kichwa kwa kumsifu. Mume wangu akatupa jembe, akaondoka upande wake bila kuaga mtu.

Manyunyu yakaanza. Mama mkwe akarudi kuchimba mashimo, mstari kwa mstari, ameyanyoosha vizuri, huku akiniagiza nisisahau kumbakizia mwanawe chakula. Eti atakuja jioni na mbegu kimya kimya, wale wenziwe wakishakwenda zao.

"Namjua mimi," akasema. "Nimemzaa."

Nikaliokota jembe la mume wangu, nikaanza kuchimba pembeni yake, maana nani angemwambia?