Karatasi ya Bi Mwanamina

Hafidha alipoitambua sauti iliyopiga hodi, alimbana mwanawe kifuani kana kwamba mtoto ndiye atakayemficha.

"Mwalimu wa kompyuta yupo?"

Ualimu gani tena! Ofisi ya Sadala, ya kwanza Kibiti kuunda kompyuta kwa vipuri vya mitumba, sasa ilikuwa duka la magodoro. Enzi zake watu walitoka Umwe na Ngarambe kuja kuishangaa, na Hafidha, msichana wa masomo ya jioni, ndiye aliyewachapia nyaraka zao, wakamwita mwalimu. Kisha simu za kupangusa zikaingia kila mfuko, wateja wakakatika mmoja mmoja, Sadala akauza mashine zote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimefuata ile karatasi ya shamba la marehemu. Jirani yangu Iddy kausogeza mpaka hadi kwenye migomba yangu, na leo alasiri tunakaa kwa mwenyekiti, kule Mbwara. Yangu imekwenda na mafuriko, sanduku na vyote. Nikasema sina wasiwasi, iko kwa mwalimu. Si uliniambia humo kwenye kompyuta maji hayaingii?"

Alimwambia. Tena kwa kicheko, mbele ya watu, alipomwona akiikunja karatasi ile ndani ya kanga: "Bibi, bado uko zama za sanduku?"

Na siku ya kuuza, mnunuzi alizitaka mashine tupu. Sadala akasema, "Futa." Hafidha akafuta, vidole mbio, akijivunia kuwa ni yeye peke yake ajuaye. Hakumkumbuka mtu hata mmoja.

Angeweza kusema mashine iliharibika. Neno lilishafika mdomoni.

"Bibi, nilifuta mimi. Kwa mkono wangu huu."

Bi Mwanamina aliuliza, "Hata hukuniita? Ningekuja kwa miguu."

Hafidha aliinamisha uso. "Niliichapa mimi, nakumbuka kidogo. Juu, mfereji. Chini, shamba la Tamimu. Kushoto, mkwaju. Kulia..."

Kulia ndiko kwa Iddy. Upande huo haukumjia.

"Sema hatua arobaini," bibi alinong'ona. "Nani atajua?"

"Nisichokikumbuka siwezi kukisema, bibi. Ila nitasema mbele ya wote kwamba karatasi ilikuwepo, na aliyeifuta ni mimi."

"Watakucheka, mwanangu."

"Wacha wacheke. Mimi nilikucheka kwanza."

Bibi alishusha pumzi, akanyoosha mikono.

"Haya, nipe huyo mtoto, ukavae. Mbwara si hapo."