Mlango wa Chumba cha Prince

Waswahili wote wa Doonside, kitongoji cha Sydney, walimwita Chibalonza Mama Prince, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona huyo Prince. Mwenyewe hakupenda jina jingine. Nicole, binti aliyekaa naye na aliyekuwa akikohoa tangu baridi ya Juni iingie, alikuwa mtoto wa pili, na mama huitwa kwa kifungua mimba wake.

Prince alikuwa kambini Uganda na bibi yake. Siku familia ilipoukimbia mji wa Bukavu, Kongo, yeye alikuwa kwa bibi ng'ambo ya mji, wakapoteana. Alipopatikana, mama na Nicole walikuwa wameshatua Sydney. Tangu hapo ni kungoja viza, na viza haina haraka ya mtu. Chibalonza alipopanga nyumba ya Doonside, kitu cha kwanza kununua kilikuwa kitanda cha mwanawe na blanketi zito la buluu. Miaka ikapita, blanketi halijagusa mwili wa mtu.

Na baridi nayo! Sijui nani aliwadanganya watu kwamba Australia yote ni nchi ya joto. Nyumba ile ilikuwa na kuta nyembamba na madirisha yasiyokaza, na bili ya umeme ya Julai iliyopita ilimfanya Chibalonza aongeze zamu katika nyumba ya wazee alikofanya kazi. Mwaka huu aliapa haitamkuta tena. Akamwita Jerusha, nesi Mkenya wa hospitali ya Westmead, mwanamke ajuaye kila kitu, na asichokijua atakufundisha vilevile.

Jerusha alikuja Jumamosi na tepu yake. Akaziba nyufa za madirisha, akatundika mablanketi ya zamani nyuma ya mapazia, akaviringisha taulo na kulilaza chini ya mlango wa mbele. Kisha akaufuata upepo uliobaki mpaka kwenye korido, akakuta mlango uko wazi.

"Na hii je?"

"Shambre ya Prince."

"Najua ni ya Prince. Mbona iko wazi? Joto yote ya hita inaishia huku na hakuna mtu. Funga hii, Mama Prince, ulale na Nicole huko sebuleni. Stima si ya bure."

"Hapana. Ule mlango haufungwake."

"Haki, kwa nini?"

"Kwetu nyumbani tulifungaka chumba ya mutu akishakufa."

Jerusha wa maneno mengi akakiachia kitasa. Akakusanya tepu yake. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hilo alilijua. Lakini pale pale Nicole akakohoa, kikohozi kikavu kisichotaka kwisha, na Chibalonza ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinamisha macho.

Maana na yeye alijua. Mara nyingi alisimama kwenye mlango ule, hita ikinguruma nyuma yake, akasikia joto likimpita magotini kwenda kwa mtoto asiyekuwepo. Alikuwa na hamu ya kumkumbatia mwanawe mpaka mikono ikamuuma. Kuufunga ule mlango, aliona, ni kumwambia abaki huko huko.

Jumapili walipotoka kanisani, Prince akapiga. Ilikuwa simu ya kuazima, sauti tu bila picha. Sauti yenyewe ilikuwa imeshakuwa nene, na kila mara Chibalonza alihitaji muda kidogo kuizoea.

"Mama, nani anakohoa?"

"Dada yako. Huku baridi iko mingi."

"Anajifunikaka nini?"

"Iko na blanketi yake. Na yako iko pale, nzuri, inakungojea. Hata mlango nilikuachia wazi, mwanangu."

Kikohozi cha Nicole kikapenya tena mpaka kwenye simu.

"Blanketi yangu mupatie Nicole," Prince akasema. "Na mlango ufunge. Kwani mimi sina mikono? Siku nitafika, nitabisha hodi."

Alasiri ile mama na binti walikiburura kitanda cha Prince mpaka sebuleni, karibu na hita. Chibalonza akaufunga mlango wa chumba kitupu, akalaza taulo chini yake. Nicole akaruka kitandani, akajifunika blanketi la buluu hadi kidevuni. Miguu yake ikatokeza upande wa pili.

"Mum, it's tiny," akacheka. "Prince atalala aje hapa?"

Chibalonza akaketi sakafuni. Kama hakimtoshi Nicole, aliye mdogo, Prince je? Miaka yote ile alikuwa akikipasha joto chumba cha mtoto mdogo ambaye hayupo tena popote, si Sydney, si Uganda. Akalia bila kujificha. Halafu akavuta stuli, akaweka mto juu yake, akaipandisha miguu ya bintiye na kuifunika vizuri.

Kesho yake, akitoka kazini, alipitia duka la vitu vilivyotumika kuulizia kitanda cha mtu mzima. Muuzaji akataka kujua atakayekilalia ana urefu gani. Chibalonza akainua mkono hewani, akaushusha, akauinua tena juu zaidi, asijue pa kuusimamisha.