Kwa Mansukhlal

Nina mwaka wa kumi na moja na duka la vitambaa hapa Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Bango nimelipaka rangi mara tatu: HUSNA VITAMBAA, herufi nyekundu, kubwa, hata asiye na miwani anasoma. Sasa muulize mtu yeyote duka la Husna liko wapi. Atakutolea macho. Akishakuelewa atasema, "Aaah, pale kwa Mansukhlal! Penye bango jekundu."

Mansukhlal mwenyewe alishaondoka, jamani! Aliniachia fremu, akaenda kupumzika kwake Kisutu. Jina lake ndilo limegoma kuhama. Roho inaniuma, siwafichi.

Kwa hiyo nilipomwita Abdulmalik, fundi wa tovuti mwenye ofisi Posta, anifungulie duka la mtandaoni, nilijua ninachotaka. Mtandaoni hakuna wapiga soga wa kuelekeza watu. Akaniuliza tununue jina gani la tovuti.

"Husna Vitambaa. Andika kabla sijatafuta fundi mwingine."

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili akaagiza mtu mmoja, dada yangu Fatuma wa Buguruni, tena kwa kunionea huruma. Halafu simu zikaanza. "Mama, umesema uko mtandaoni, mbona nikiandika Kwa Mansukhlal sikuoni?" Siku moja watu tisa! Wa tisa nilimkatia simu.

Abdulmalik akaja, akakaa mbali kidogo na mkasi wangu.

"Dada Husna, tununue na la Mansukhlal. Majina mawili, duka moja. Ila lazima moja liwe kuu, ndilo litakaloonekana mteja akifungua. Lingine kazi yake kuwaleta watu kwa hilo kuu."

"Kuu ni langu."

"Watu watakimbia, dada. Mtu kaandika Mansukhlal, anaona Husna, si atajua anatapeliwa?"

Nilitamani kumrushia futi kamba. Lakini alisema kweli, na jina la mzee wa watu huwezi kulichukua bila hodi. Kesho yake nikaenda Kisutu. Akanifungulia Zarna, mkwe wake, akaniletea chai ya tangawizi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Husna. Duka langu halijambo?"

Duka langu! Nikameza na chai. Kisha nikamweleza yote. "Mzee, lile duka nimelitolea jasho. Nataka liitwe kwa jina langu, niwe bado hai nisikie."

Mzee akacheka mpaka Zarna akaja mbio na maji.

"Mimi nilipoingia pale," akasema akifuta macho, "watu walisema kwa Mwinyimvua. Mwinyimvua alishahamia Ilala zamani! Bango nimebadilisha mara nne, Husna. Miaka thelathini na mbili nimekaa pale, wateja wananiita Mwinyimvua. Mke wangu wakimwamkia shikamoo mama Mwinyimvua, anaingia ndani kulia. Unajua lini walianza kusema kwa Mansukhlal?"

"Lini?"

"Wiki niliyokukabidhi ufunguo."

Nikaweka kikombe chini. "Kwa hiyo mimi, mzee..."

"Wewe mpaka uondoke. Jina langu chukua, lina kazi gani huku?"

Nilirudi kwa miguu hadi Msimbazi, nacheka huku machozi yananitoka, watu wananipisha njia. Nikamkuta Abdulmalik dukani.

"Weka Mansukhlal ndilo kuu."

"Na lako, dada?"

"Nilipie miaka yote wanayoruhusu, lisipotee. Kuna mtu atapanga hapa baada yangu. Atalihitaji huyo, na atalia kweli kweli."

Jioni ile ile maagizo yakaingia manne. Nikiwa nakata la kwanza, simu ikaita.

"Halo, hapo kwa Mansukhlal?"

Nikavuta pumzi. "Ndipo hapa, karibu sana. Anaongea Husna."

"Husna ndo nani?"

"Usijali, mwanangu," nikamwambia. "Utanijua nikiondoka."