Dau la Pili

Fundi alikuwa na kasoro moja mezani: akishapandisha dau, hakujua kunyamaza. Karata zimkubali, zimkatae, yeye lazima aweke tena.

Alikuwa mchomeleaji wa mageti, na tabia hiyo aliitoa karakanani. Kule, mshono ukishauanza unaupeleka mpaka mwisho. Ukikata moto katikati, chuma kitapasuka hapo hapo na mteja atakurudia na maneno. Miaka ishirini na mitano ya kazi hiyo ilikuwa imemkaa mkononi. Sasa mashine yake ilikuwa imeungua, haitengenezeki, huku madirisha kumi na manne ya shule yakisubiri kuchomelewa, na pesa za mageti mawili ya mwisho alikuwa amezilipa kiingilio cha mashindano ya poka. Watu watatu tu ndio wangelipwa. Zawadi ya mtu wa tatu, ndogo kuliko zote, ilitosha kununua mashine mpya.

Siku ya tatu, saa nane mchana, walibaki wanne.

Wakati wa mapumziko shemeji yake, kaka wa mkewe, alimvutia kwenye korido. Yeye ndiye aliyemfundisha mchezo, na alitolewa siku ya kwanza hata chai haijapoa.

"Shemeji, yule dereva wa lori amebaki na vipande vya dau vya elfu tisa. Mizunguko michache tu ya dau la lazima, atakwisha mwenyewe. Wewe una elfu sitini na mbili. Kazi yako ni kukaa."

"Nimekuja kucheza, sikuja kupasha kiti moto."

"Basi cheza kwa macho. Ukipandisha, mtu akakufuata, tazama zile karata tatu za wazi mezani, zinazotumiwa na wote. Zikiwa hazina uhusiano, weka dau la pili, atakimbia. Zikiwa zimeshikana, zinafuatana, za aina moja, gonga meza upite. Kupita ni bure."

"Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga."

"Hata ukimwona mamba?"

Fundi akacheka. "Mamba kakula siku ya kwanza, leo unanifundisha kuogelea!"

"Ndiyo maana meno yake nayajua."

Walirudi ndani. Mbele ya Fundi alikaa Mama Dawa, mwenye duka la dawa, mwanamke mfupi aliyepanga vipande vyake kumi kumi kama anayehesabu vidonge. Vilikuwa elfu sabini. Mara tatu siku hiyo alikuwa amelikimbia dau la pili la Fundi. Mara mbili za kwanza karata za mezani zilikuwa zimetawanyika, na Fundi alifanya sawasawa. Mara ya tatu zilikuwa zimeshikana, akaweka vilevile, na mama akakimbia vilevile. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomharibu.

Fundi akapewa ree na kingi, zote nyekundu. Akapandisha hadi elfu tano, kama mtu yeyote mwenye akili. Dereva akatupa zake, wa nne akatupa. Mama Dawa akalipia.

Mgawaji akafunua tatu: nane, tisa na kumi, zote shupaza.

Fundi hakuwa na shupaza hata moja. Mama Dawa akagonga meza, amepita. Nyuma ya kamba shemeji alikohoa, akakohoa tena, kama mgonjwa.

Mkono wa Fundi ukaenda wenyewe. Elfu sita.

Mama Dawa akalipia bila kumtazama.

Karata ya nne ilikuwa mbili ya pau, takataka. Mama akapita. Fundi akaziona zile elfu sita zimelala pale peke yake; atazitupaje? Akaongeza kumi na tano. Mama akalipia. Karata ya tano, nne ya uru. Mama akapita tena. Fundi akasukuma zote zilizobaki.

Mama Dawa akafunua malkia na sita. Shupaza zote mbili, pamoja na tatu za mezani, tano za aina moja; Fundi hakuwa hata na jozi.

"Pole, baba," alisema. "Kila ukipandisha unaweka tena. Nimekuhesabu, mara kumi na moja."

"Na ningepita?"

"Ningeweka mimi, ungetupa, ungebaki na elfu hamsini na saba zako. Ungekuwa bado umekaa hapo."

Dereva wa lori, ambaye hakuwa amegusa kitu, akawa ameshaingia kwenye watatu wa kulipwa. Alimpa Fundi mkono, kwa aibu kidogo.

Walitoka nje na shemeji. Fundi alihesabu mwenyewe. Elfu tano za kwanza hazikuwa kosa. Kosa lilikuwa elfu sita, na hizo sita zikaita kumi na tano, kumi na tano zikaita thelathini na sita. Hivyo vilikuwa vipande vya plastiki tu. Alivyopoteza kweli vilikuwa mageti mawili, siku tatu za karakana kufungwa, yale madirisha kumi na manne ya shule ambayo sasa angeyachomelea mtu mwingine, na mashine moja.