Mwimo wa Mlango wa Jikoni

Nilipoingia ukumbini Jumanne ile, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba nimekatwa.

Sikukatwa kwa kisu. Nilikatwa pichani. Picha thelathini na nane zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa mstari ulionyooka, kila moja kubwa kama dirisha, na katika zote nilipaswa kuwepo, nimesimama mgongo kwenye nguzo ya daraja, mikono chini, visigino vimebanana. Sasa ilibaki nguzo peke yake, imekatwa ubavuni na chini. Nguzo, nguzo, nguzo, mpaka mwisho wa ukuta.

Mume wangu alifariki miezi kumi kabla ya siku hiyo. Alikuwa profesa wa uhandisi wa ujenzi, na mapenzi yake ya pili yalikuwa kamera. Siku nyingine kamera ilikuwa ya kwanza na uhandisi wa pili, lakini mimi nafasi yangu ya tatu haikuwahi kuguswa. Chuo kiliamua kumkumbuka kwa maonyesho ya picha zake, yafunguliwe Ijumaa. Nilitoa albamu zote kwa moyo mweupe. Kumbe nilikuwa nawapelekea kitambaa watu wanaokata bila kupima.

Nasema hivyo kwa sababu mimi ni fundi cherehani. Miaka arobaini nimewapima watu viuno na mabega, na mkato wa ovyo naujua hata nikiwa ng'ambo ya barabara.

"Mimi nimekwenda wapi?" nilimuuliza mkuu wa idara.

Mkuu wa idara alikuwa mwanafunzi wa mume wangu. Marehemu alimbandika jina la Nukta, kwa sababu mwaka wa pili aliikosea nukta ya desimali akachora sakafu ya darasa yenye unene wa mita mbili. Siku hizi ni mtu mkubwa, ana tai na kipara, lakini kwangu ni Nukta yuleyule aliyekuwa akija kula kwetu kila mtihani ulipomtoa jasho.

"Karibu, Mama," alisema. "Mpangaji wa maonyesho alishauri tuondoe kila kinachovuta jicho. Tulitaka picha zizungumze zenyewe."

"Na zinasema nini?"

Akageukia ukuta. "Zinaonyesha uvumilivu wa Profesa. Mwanga. Zege."

"Zinaonyesha nguzo moja mara thelathini na nane, Nukta. Mtu akiingia hapa atadhani marehemu hakuwa na akili timamu."

Alinishika mkono kwa adabu, akanipeleka mlangoni palipokuwa na meza ya maua. Hapo, alisema, wangeweka picha yangu moja nzuri ya usoni, iandikwe "Mke wa marehemu". Nilimwambia maua yake awawekee waliokufa. Nikamwambia pia kwamba kabla ya Ijumaa nitarudi kwenye picha zangu, zote, tangu utosini hadi unyayoni. Alisema zimeshachapwa, zimeshagandishwa kwenye mbao, na mkuu wa chuo ameshazipitisha. Nikamwambia gundi hubanduka.

Nilifika nyumbani nimefura. Binti yangu, ambaye amekuwa akikaa nami tangu msiba, alinimiminia chai akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini Mama, picha hizohizo ulikuwa unazilalamikia kila mwaka."

Kweli, nilizilalamikia sana. Tulikuwa na wiki tatu tu za ndoa mume wangu aliponiambia Jumamosi tutoke, anipige picha. Nilivaa gauni la njano nililolishona mwenyewe na viatu vipya. Akanipeleka chini ya daraja, kwenye tope. "Simama pale kwenye nguzo," aliniambia. "Usitabasamu. Ukitabasamu unainamisha kichwa." Maji yalikuwa yanakula ardhi kuizunguka nguzo ile, naye alitaka kujua yanakula kiasi gani. Wajenzi walikuwa wameacha mstari wa rangi nyekundu kwenye nguzo; kadiri ardhi inavyoliwa, ndivyo mstari unavyokuwa juu zaidi kutoka chini. Fimbo yake ya kupimia alikuwa ameisahau nyumbani nyuma ya mlango, maana akili yake yote ilikuwa kwa bibi harusi. Basi akamsimamisha bibi harusi. Katika picha hiyo ya kwanza mstari mwekundu uko kiunoni kwangu.

Mwaka uliofuata akanipeleka tena. Nikamuuliza, fimbo si ipo? "Ipo," alisema, "lakini kipimo hakibadilishwi katikati ya kazi." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya kiangazi, yeye alisimama kwenye jiwe lilelile alilolipigilia msumari, na mimi kwenye nguzo. Nilisimama nikiwa mjamzito. Nilisimama nikiwa na homa. Nilisimama wiki ile tuliyomzika mama yangu, na macho yangu yamevimba pichani. Wanafunzi waliniita Mama Rula wakidhani sina masikio.

Ndivyo alivyokuwa mtu yule. Kwenye harusi ya kaka yangu alipewa kazi ya kupiga picha, na kati ya picha sitini, arobaini zilikuwa za boriti iliyokuwa juu ya vichwa vya maharusi, kwa sababu aliona ina ufa. Kaka yangu alimnunia mwaka mzima. Ukimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, yeye hakuitikia kama watu, alikuuliza, "Ufa wa upana gani?"

Kila mwaka alizipeleka picha ofisi ya madaraja, na kila mwaka walimcheka. "Profesa ametuletea tena mke wake." Alirudi, akaweka mkoba chini, akanawa mikono, akasema, "Mwakani tena." Hakugomba wala hakununa. Mstari ukapanda kifuani, ukapanda kidevuni, na yeye ni mwakani tena, mwakani tena, hadi mimi mwenyewe nikatamani kwenda kuwagombeza.

Mwaka wa ishirini na mbili mstari ulikuwa vidole vinne juu ya kichwa changu. Safari hiyo alizibeba picha zote ishirini na mbili, akazipanga kwa mfuatano juu ya meza ndefu ya bosi wa ofisi ile, akasogea pembeni. Bosi alitembea kando ya meza taratibu. Alipofika mwisho akauliza, "Huyu mama anazama?"

"Hazami," mume wangu alimjibu. "Ardhi ndiyo imeondoka. Na mabasi ya shule yanapita juu ya daraja hilo kila asubuhi."

Daraja lilifungwa wiki hiyohiyo. Miezi saba walimwaga zege kuizunguka nguzo, na lilipofunguliwa, mstari ulikuwa usawa wa nyusi zangu. Jioni hiyo aliniambia, "Namba haziwatishi wakubwa. Wewe uliwatisha." Niliichukua kama sifa, maana nyingine nzuri kuliko hiyo sikuwahi kupewa.

Sasa nije kwenye mwimo. Tangu mwaka wa pili, kila tulipokwenda kupiga picha, kabla ya kutoka nyumbani, alinisimamisha pekupeku kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, ubao ule wa kusimama unaoshika bawaba. Aliweka kitabu kichwani pangu, akachora mstari kwa penseli, akaandika tarehe. Alisema kipimo nacho hupimwa. Sentimita mia hamsini na tisa, miaka nenda miaka rudi. Nilipopita sitini nikawa mia hamsini na nane, kisha mia hamsini na saba. Mwaka huo kijana mmoja wa ofisi ya madaraja aliiona picha, mstari umepanda kutoka kwenye nyusi hadi katikati ya paji la uso. Akapiga simu kwa hofu kusema kwamba mto umeanza tena kula. Mume wangu alimjibu nikiwa nimekaa hapohapo. "Tulia, kijana. Mto haujala kitu. Aliyeliwa ni mke wangu, sentimita mbili." Siku mbili alikula mkate mkavu katika nyumba yake mwenyewe.

Haya yote niliyakumbuka nikiwa nimekaa jikoni na chai imeshapoa, natazama alama zile za penseli. Nikamwambia binti yangu aniitie seremala.

"Mama, unabomoa nyumba?"

"Sibomoi. Napeleka ushahidi."

Seremala alikuja Jumatano, akalalamika kama kawaida yao. Mwimo ukitoka, mlango utashikwa na nini? Nikamwambia jikoni kwangu hakuna siri, mlango ukalale uani. Aliung'oa taratibu bila kuuvunja, plasta ikamwagika sakafuni. Alhamisi asubuhi tuliupandisha kwenye mkokoteni, umefunikwa shuka, mimi nikitembea kando yake hadi chuoni. Watu walinipisha njia wakidhani nimebeba maiti.

Tuliuegemeza mwimo kwenye ukuta wa ukumbi. Nukta alikuja mbio, tai imepinda.

"Wewe ni mhandisi, mwanangu," nilimwambia. "Kati ya picha ya kwanza na ya ishirini na mbili, mto ulikula kiasi gani?"

Akasogea. Akavaa miwani. Akaenda kwenye picha ya kwanza, akaenda kwenye ya ishirini na mbili, akarudi. Nikamwona anatafuta.

"Ardhi haionekani," alisema mwishowe.

"Nilikuwa nimesimama juu yake. Mlivyonitoa mimi, mkaitoa na yenyewe. Hili jibu lingekuwa kwenye karatasi ya mtihani wake, ungepata ngapi?"

"Sifuri, Mama."

Nilitoa kwenye mkoba picha halisi ya mwaka wa ishirini na mbili, nikampa. Aliishika kwa mikono miwili. Aliutazama mstari mwekundu juu ya kichwa changu, akaziangalia zile alama za penseli kwenye mwimo, moja baada ya nyingine, kuanzia mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa. Akakaa chini kwenye jukwaa.

"Nimeiharibu kazi ya mwalimu wangu," alisema.

"Na yangu," nilimwambia. "Usidhani nimekuja kudai uzuri. Uzuri ulishakwenda na lile gauni la njano. Nilisimama kwenye tope lile mara thelathini na nane na sikuwahi kukosa. Mume wangu alikuwa upande mmoja wa kamera na mimi upande mwingine. Ukimkumbuka yeye bila mimi, humkumbuki."

Nukta alivua tai akaiweka mfukoni. Aliita wanafunzi, wakabandua picha zote. Mashine ya kuchapa ilinguruma mpaka magharibi. Mpangaji wa maonyesho alipokuja kuuliza, Nukta alimjibu kwamba sasa kila kitu kinavuta jicho.

Ijumaa mkuu wa chuo alianza na picha ya kwanza. Watu walicheka kidogo walipoliona lile gauni na ile sura yangu ya hasira. Walipofika picha ya kumi na sita, mstari uko kidevuni, kicheko kilipungua. Kwenye ya ishirini na mbili walisogea karibu kuutazama mstari juu ya kichwa changu. Mwimo ulikuwa mwisho wa ukuta, na mama mmoja mfagiaji alisimama mbele yake muda mrefu akajilinganisha nao kwa kiganja.

Jumamosi ilikuwa ya kwanza ya kiangazi. Hakuna aliyeniita, mimi ndiye niliyemwita Nukta. Tulianzia ukumbini. Nilivua viatu, nikasimama kwenye mwimo, naye akaweka kitabu kichwani pangu na kuchora mstari wake chini ya mstari wa mwisho wa mume wangu. Mia hamsini na sita. Kisha tukaenda mtoni na kamera ya marehemu. Jiwe lilikuwepo, na msumari umeshika kutu.

"Nitabasamu?" niliuliza kutoka kwenye nguzo.

"Profesa alikataza, Mama."

Alipiga. Tulirudi kwenye gari, akaifungua picha kwenye kompyuta yake, akaanza kupima, na nikaona rangi ya uso inambadilika. "Mstari umepanda sentimita moja tangu mwaka jana," alisema.

"Toa kwanza kile nilichopungua asubuhi kwenye mwimo."

Hesabu ilikuwa ya mtoto mdogo, lakini aliifanya kwa penseli, mara mbili, akaikagua nukta yake. Akapumua. "Mto haujala kitu. Daraja liko palepale."

"Na hiyo sentimita?"

Akaanza kuifuta miwani yake. Ni mtu mwenye heshima, wazazi wake walimlea vizuri.

"Sema, mwanangu. Yeye angesema."

"Ni yako, Mama."

Nilijua. Nilijua hata ni lini niliipoteza, katika miezi ile kumi ya ujane, na ni juu ya kitanda kipi. Juu yetu lilipita basi la shule linapeleka watoto michezoni, na nguzo haikutikisika.

"Iandike," nilimwambia, "na tarehe uiweke. Mwakani tena."