Vigae vya Zizimo

Nchi ya Zizimo iko juu sana, mahali ambapo ukungu hulala hadi mchana na maji huganda mtungini, na watu wake, ambao si wavivu wala si wajinga, hawakuogopa kitu kama walivyoogopa baridi. Katikati ya nchi lilisimama kanisa, na katikati ya kanisa liliwaka jiko kubwa la mawe ambalo waasisi waliliwasha kwa sala. Kila Jumapili, baada ya baraka, kila nyumba ilimtoa mtu mmoja na kigae chake, kipande tu cha chungu kilichovunjika, akapalia kaa na kwenda nalo nyumbani. Huko moto ule ulipika, ukakausha nguo, ukawakusanya majirani wakaimba na kuombeana. Jiko la kanisa nalo lilipozimika, maana lilizimika mara kwa mara kwa uzembe wetu wa kibinadamu, moto ulirudishwa kutoka nyumba yoyote ya karibu.

Ndipo akatawazwa Mchungaji Mkuu Adonira, mwenye sauti tamu na macho yasiyoshiba umati. Aliona viti vitupu siku za katikati ya juma, akasikia nyimbo zikitoka vibandani, na moyo ukamuuma. Akaamuru vigae vyote vikusanywe, akavipanga kwa chokaa kuwa sakafu ya madhabahu, na moto usitoke tena mlangoni. Kanisa likafurika. Akalipanua tundu la paa ili moshi uonekane nchi za jirani, na wachungaji wa huko wakaja kujifunza siri ya kukuza kanisa. Walionyeshwa jiko, wakaonyeshwa sakafu, wakapiga makofi. Hakuna aliyewapeleka kwenye nyumba za watu.

Asubuhi moja Selubi, mkunga wa mlimani, aliingia kanisani akihema. Mjukuu wake alikuwa amezaliwa alfajiri.

"Baba Mchungaji, mtoto anatetemeka. Naomba kaa moja tu."

"Mlete hapa, mama. Joto liko hapa."

"Njia ni ndefu, Baba. Hatafika."

"Nikikupa wewe, Jumapili nani atakuja?"

Katika mahubiri yake yote hakuwahi kusema ukweli wake waziwazi namna ile. Selubi akapiga magoti mbele ya jiko kama anayesali, akachota jivu kwa viganja vyake vitupu, na ndani ya jivu kaa, akatoka nalo bila kulia. Hapo huwa naumia, hata leo. Mtoto aliishi.

Masika yaliyofuata yalikuja na hasira. Mvua iliingia kwa lile tundu pana, ikamwagika jikoni usiku kucha, na kulipokucha jiko lilikuwa tope jeusi. Mashemasi wakakimbia nyumba kwa nyumba, wakakuta mafiga baridi kila mahali. Watoto wakaanza kukohoa, wazee wakanyamaza vitandani. Kisha mtu akauona moshi mwembamba mlimani, na Adonira mwenyewe akapanda, joho likiburuta matopeni.

"Hodi."

"Karibu, Baba." Karibu na figa mtoto alikuwa akitambaa.

"Jiko limezimika, mama. Watu watakufa. Tupe moto."

"Chukua. Moto haukuwa wangu." Selubi akamtazama. "Lakini utaubebea nini?"

Adonira akaitazama mikono yake laini. Selubi akaifungua yake, iliyokunjamana kwa makovu hata vidole havinyooki.

"Mimi sikuwa na kigae, Baba. Vigae vyetu unavikanyaga wewe."

Adonira akashuka mikono mitupu, akawaambia watu kwamba moto upo, ila kigae cha kuubebea hakuna. Kanisani watu walikuwa wamebanana, wakitetemeka. Shemasi mmoja, asiyejua afanye nini kingine, akamletea sururu. Adonira akaipokea, akapanda madhabahuni, akasimama katikati ya ile sakafu iliyosifiwa na nchi nzima, na hakuiinua wala hakuiweka chini. Tangu atawazwe hapakuwahi kuwa na siku ambayo hakuna aliyemtazama usoni. Sasa wote waliinamia sakafu iliyo chini ya viatu vyake, kila mmoja akitafuta kukitambua kigae cha nyumbani kwake.